Nywila za mamlaka chuoni: nani azishike, na kwa muda gani?

Katikati ya miaka ya 1960, watumiaji wa kompyuta ya pamoja ya chuo cha MIT, Marekani, waliingia kwenye mfumo wao wa CTSS wakakuta, mahali pa tangazo la siku, orodha ya nywila za watumiaji wote. Hakuna aliyedukua kitu. Msimamizi mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku, mwenzake akihariri faili la nywila, na wote wawili walikuwa ndani ya akaunti ileile ya usimamizi. Programu ya kuhariri ilikuwa ikitumia jina lilelile kwa faili lake la muda, basi mafaili mawili yakapishana na nywila zikaishia kwenye tangazo. Mtumiaji wa kawaida alizuiwa kufanya kazi mahali pamoja na mwingine kwa wakati mmoja. Kwa wasimamizi kizuizi hicho kilikuwa kimelegezwa ili kazi iende haraka.

Teknolojia imebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini mazoea hayo bado yapo vyuoni: akaunti moja yenye nguvu zote, watu watano wanaijua nywila yake, na sababu inayotolewa ni urahisi. Mjadala ukianza, huanzia kwenye urefu wa nywila na alama za mshangao ndani yake. Hapo ndipo unapopotea njia. Nywila ya herufi thelathini inayojulikana na watu watano haina mwenyewe. Ikitumika vibaya hakuna wa kuulizwa, na mmoja wao akiacha kazi hakuna anayethubutu kuibadilisha kwa hofu ya kuvunja kitu. Swali lenye uzito ni jingine: mamlaka haya ni ya nani, anayo kwa muda gani, na akiyatumia, alama zinabaki wapi?

Akaunti ipi ina mamlaka?

Watu wa TEHAMA wakitaja akaunti zenye mamlaka makubwa, kwanza hufikiria root kwenye Linux, Administrator kwenye Windows, na kundi la wasimamizi wa domeini (kompyuta na watumiaji wote wanaosimamiwa pamoja) kwenye Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kuwasajili. Aliyemo kwenye kundi hilo anaweza kubadilisha nywila ya yeyote aliyesajiliwa humo, hata ya mkuu wa chuo. Orodha haiishii hapo. Yupo msimamizi wa hifadhidata, anayeweza kusoma na kuandika jedwali la alama bila hata kufungua mfumo wa wanafunzi. Zipo akaunti za swichi na ruta, vifaa vinavyounganisha mtandao. Ipo akaunti ya jukwaa linalobeba seva pepe, yaani seva za programu tu zinazoishi ndani ya mashine moja, ambayo mwenye nayo ananakili seva nzima na kwenda kuichambua kwa nafasi yake. Ipo ya huduma za wingu. Na ipo ya mfumo wa nakala rudufu, ambayo husahaulika kirahisi ingawa imeruhusiwa kusoma karibu kila faili la chuo.

Kisha kuna mamlaka yasiyoonekana kuwa ya kiufundi. Mwaka 2017 aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alishtakiwa kwa kutega kwenye kompyuta za chuo vifaa vidogo vinavyonasa kila kibonyezo cha kibodi. Kwa mujibu wa mashtaka, kwa nywila zilizopatikana hivyo alama zake na za wenzake zilibadilishwa zaidi ya mara 90 katika muda wa takriban miezi 21. Akaunti alizohitaji zilikuwa za wahadhiri tu. Chuo kinachoorodhesha akaunti zake nyeti na kuacha za wahadhiri, msajili, ofisi ya fedha na udahili kimeorodhesha nusu ya kazi.

Orodha hiyo yenyewe ndiyo hatua ya kwanza, na ni ya kuchosha. Inabidi kuuliza kila mfumo: ni nani aliyemo kwenye kundi la wasimamizi? Majibu hushangaza. Hujitokeza majina ya watu waliohama idara, akaunti ya fundi wa kampuni iliyosimika mfumo na kuondoka, akaunti iitwayo “test” yenye haki zote. Hakuna kasha la nywila (mfumo wa kuhifadhi nywila kwa usalama), hata la bei gani, litakalolinda akaunti ambayo hakuna anayejua kwamba ipo.

Kwa nini chuo ni mahali pagumu

Chuo kikuu kimejengwa kiwe wazi, na si jambo la kuonea haya. Kuna watafiti wageni, wanafunzi wasaidizi wa maabara, miradi yenye fedha zake na seva zake, vitivo vinavyonunua mifumo bila kuuliza makao makuu. Mwanafunzi wa uzamivu anasimika seva ya mradi, anahitimu, anaondoka. Nywila ya root inabaki kwenye barua pepe ya miaka minne iliyopita. Kompyuta za maabara hukaliwa na mamia ya watu, na yeyote kati yao anaweza kuchomeka kitu nyuma yake.

Tena, katika mazingira haya ndimo zilimozaliwa zana nzuri tunazozitegemea. Programu ya sudo, inayomruhusu mtu aendeshe amri moja kwa haki za root bila kupewa nywila ya root, ilianza karibu mwaka 1980 katika idara ya sayansi ya kompyuta ya chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York. SSH, programu ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa usalama, iliandikwa na mtafiti Tatu Ylönen mwaka 1995 akiwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya mtu kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi kwenye mtandao wa chuo hicho. Kwa hiyo anayesema uhuru wa kitaaluma na ulinzi wa mamlaka haviwezi kukaa pamoja anasahau kwamba wanazuoni wenyewe ndio waliotengeneza sehemu kubwa ya ulinzi huo.

Barua pepe moja hadi seva 267

Ili kuelewa kwa nini mamlaka yasambazwe kwa uchache, tutazame Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, ambacho kilichapisha kwa uwazi unaostahili pongezi yale yaliyokipata. Katikati ya Oktoba 2019 barua pepe za hadaa zilifunguliwa kwenye kompyuta mbili za watumishi. Washambulizi hawakufanya kelele. Walitembea ndani ya mtandao, na tarehe 21 Novemba, wakipitia seva iliyokosa masasisho ya usalama, walipata haki kamili za usimamizi. Tarehe 23 Desemba, siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, walifunga kwa usimbaji, yaani kwa kugeuza data zisisomeke bila ufunguo wao, seva 267 za Windows, zikiwemo baadhi ya nakala rudufu zilizokuwa zimeunganishwa na mtandao huohuo. Ili kufunguliwa, chuo kililipa bitcoin 30, wakati ule zikiwa karibu euro 200,000.

Kati ya barua pepe na maafa kuna zaidi ya miezi miwili. Mtumishi aliyebofya kiungo hakuwa na uwezo wa kufunga seva hata moja, na kumlaumu yeye ni kukosea shabaha. Kilichogeuza kompyuta mbili kuwa seva 267 ni mamlaka ya usimamizi yaliyoweza kufikiwa kutoka mahali ambapo hayakupaswa kufikika.

Yanafikikaje? Mtu akiingia kwenye kompyuta ya Windows, alama za heshi za nywila yake (umbo lake lililogeuzwa kihesabu lisisomeke), au tiketi zake za utambulisho (vithibitisho vya muda kwamba ameshajitambulisha), hubaki kwenye kumbukumbu ya mashine hiyo kwa muda. Tangu mwaka 2011 kuna zana iitwayo Mimikatz inayoweza kuzichota, mradi anayeiendesha ana haki za usimamizi kwenye mashine hiyo moja. Heshi ikishapatikana, mara nyingi haihitaji kuvunjwa. Inatumika kama ilivyo kujitambulisha kwingine. Sasa fikiria msimamizi wa domeini anakwenda kurekebisha printa ya mhadhiri na kuingia kwa akaunti yake kuu. Mshambulizi aliyekuwa amejibanza kwenye kompyuta hiyo amepokea chuo kizima, na hapo urefu wa nywila haukusaidia chochote.

Dawa yake ni ya utaratibu zaidi kuliko ya programu. Akaunti za juu kabisa huingia kwenye mashine za juu tu: seva zinazoshikilia utambulisho wa chuo. Seva za kawaida zina wasimamizi wao, na kompyuta za watumishi zina mafundi wao wenye haki zinazokomea hapohapo. Msimamizi anakuwa na akaunti ya kawaida ya barua pepe na kuvinjari, na nyingine ya usimamizi isiyo na sanduku la barua kabisa, anayoitumia kutoka kompyuta iliyotengwa kwa kazi hiyo. Wengi hulalamika kwamba ni usumbufu kubadilisha akaunti mara kwa mara. Ni kweli ni usumbufu, na unastahili kuvumiliwa kuliko usumbufu mwingine wowote utakaotajwa hapa.

Kompyuta za maabara zina tatizo lao la pembeni. Zikisimikwa kwa nakala moja, zote hutoka na nywila ileile ya Administrator wa ndani, hivyo aliyeipata kwenye moja anafungua mia tano. Microsoft ilitoa zana iitwayo LAPS mwaka 2015, inayoipa kila mashine nywila yake ya nasibu, kuihifadhi mahali penye ulinzi na kuibadilisha yenyewe. Tangu 2023 imo ndani ya Windows. Kutokuitumia kwenye mtandao wa Windows hakuna tena kisingizio.

Kasha la nywila, na jinsi linavyotumika

Hata mamlaka yakigawanywa vizuri, zipo nywila zisizoweza kuwa za mtu mmoja: root ya seva, akaunti ya kuzaliwa nayo ya swichi, akaunti kuu ya huduma za wingu. Hizi haziwekwi kwenye jedwali la mahesabu lililopewa jina la kupoteza watu. Huwekwa kwenye kasha la nywila, yaani mfumo unaozihifadhi kwa usimbaji, unaomtambua kila anayeomba, na unaoandika nani alichukua nini saa ngapi. Mifumo kamili zaidi hufungua kikao chenyewe: msimamizi anafika kwenye seva bila kuiona nywila, amri zake zinarekodiwa, na kikao kikifungwa nywila inabadilishwa. Nywila ambayo hakuna binadamu anayeijua haiwezi kulaghaiwa kwa simu wala kuandikwa kwenye karatasi.

Chuo kisicho na fedha za mfumo kama huo hakipaswi kukata tamaa. Programu huria ya kuhifadhi nywila, yenye akaunti ya kila mtu na kumbukumbu za matumizi, pamoja na nidhamu ya kutumia sudo kwa jina lako badala ya kuingia moja kwa moja kama root, inaondoa sehemu kubwa ya hatari. Ninachosisitiza ni kwamba kumbukumbu hizo zipelekwe kwenye seva nyingine ambayo wasimamizi wanaorekodiwa hawana haki ya kuihariri. Mtu mwenye root anaweza kufuta nyayo zake kwenye mashine yake, na akiwa mwaminifu, utaratibu huo ndio utakaomtetea siku akishukiwa bure.

Kasha nalo ni akaunti yenye mamlaka kuliko zote. Mwaka 2022 aliyeidukua kampuni ya Uber alidai kwamba, baada ya kumchosha mfanyakazi kwa maombi mfululizo ya uthibitisho kwenye simu hadi akakubali, alikuta kwenye folda ya pamoja skripti (faili la amri zinazojiendesha) iliyoandikwa ndani yake nywila ya msimamizi wa mfumo wao wa nywila. Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, uthibitishaji wa hatua ya pili kwa wasimamizi uwe wa aina isiyolaghaika, hasa ufunguo wa FIDO2 unaochomekwa au kuguswa, ambao hukataa kujibu tovuti bandia. Msimbo wa SMS na kitufe cha “kubali” ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila si kwa akaunti hizi. La pili ni skripti, na hapo lazima tukae kidogo.

Akaunti zisizo na mtu

Ukihesabu akaunti zenye mamlaka chuoni, nyingi hazina mtu nyuma yake. Ni za programu kuongea na programu: mfumo wa wanafunzi unaandika kwenye Moodle, jukwaa la masomo mtandaoni, nani kajiandikisha kozi gani, mfumo wa ada unasoma hifadhidata ya udahili, kazi ya usiku inanakili mafaili ya maktaba. Kila moja inahitaji nywila, ufunguo wa SSH au tokeni (msimbo wa kujitambulisha), na kwa kuwa hakuna mtu wa kuiandika kila saa nane za usiku, imewekwa ndani ya faili la usanidi au ndani ya skripti yenyewe. Imekaa humo miaka. Hakuna anayeibadilisha kwa sababu hakuna anayejua ni wapi kwingine inatumika.

Kwenye Active Directory hali hii ina hatari mahususi. Mwaka 2014 mtafiti Tim Medin alionyesha njia iliyopewa jina la Kerberoasting: mtumiaji yeyote wa domeini, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anaweza kuomba tiketi ya huduma, na sehemu ya tiketi hiyo imefungwa kwa ufunguo unaotokana na nywila ya akaunti ya huduma. Anaibeba nyumbani na kubahatisha nywila mamilioni ya mara bila seva ya chuo kujua. Kama nywila ilitungwa na binadamu miaka kumi iliyopita, ataipata. Na akaunti ya huduma ikiwa imewekwa kwenye kundi la wasimamizi wa domeini, kwa kuwa fundi wa siku ile aliona programu inakataa kufanya kazi bila hivyo, mwanafunzi huyo sasa ni msimamizi wa chuo.

Hapa urefu wa nywila una maana kweli, kwa sababu mashine haichoki kukumbuka. Windows Server 2012 ilileta akaunti za huduma za kundi (gMSA) zinazosimamiwa na mfumo wenyewe, ambazo nywila yake ni ya nasibu, ndefu kupita uwezo wa kubahatishwa, na kwa kawaida hubadilishwa kila siku 30 pasipo mkono wa mtu. Programu inayokubali aina hiyo ipewe. Isiyokubali ipewe nywila ya nasibu ndefu kutoka kwenye kasha, na haki zake zipunguzwe hadi zile inazozihitaji tu. Wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliiandika kanuni hiyo mwaka 1975, kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa haki chache zinazotosha kuikamilisha kazi, na mpaka leo sijaona iliyoizidi.

Kwenye skripti, nywila itolewe ndani na isomwe kutoka kwenye kasha wakati wa kuendeshwa. Na kama iliwahi kuingia kwenye hazina ya msimbo ya Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, kuifuta kwenye toleo jipya hakusaidii kitu, maana historia inaihifadhi. Hesabu kwamba imevuja, ibadilishe. Wanafunzi wa miradi wafundishwe hili mapema kabisa, kabla hawajajenga mazoea.

Kubadilisha, na kuondoka

Kuhusu muda wa kubadilisha nywila kuna mkanganyiko. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2017 ulishauri kuacha kuwalazimisha watumiaji kubadilisha nywila kwa kalenda bila dalili ya kuvuja, kwa kuwa watu huongeza tu tarakimu mwishoni. Baadhi ya vyuo vimeusoma ushauri huo kama ruhusa ya kutogusa nywila yoyote. Ushauri unahusu nywila ambayo mtu mmoja anaikumbuka kichwani. Nywila ya pamoja inabadilishwa kila inapotoka kwenye kasha kwa mtu kuiona, na kila mmoja wa walioijua anapoondoka au kuhamishwa. Siku hiyohiyo, hata kama ameagwa kwa mikono miwili.

Hilo la kuondoka ndilo vyuo huteleza zaidi, kwa sababu watu wa chuo hawaondoki kwa namna moja. Mhadhiri anastaafu lakini anaendelea kusimamia wanafunzi. Mwanafunzi msaidizi anamaliza mkataba Juni na kuanza uzamili Septemba akiwa na akaunti ileile. Mtafiti anahama, mradi unabaki. Ofisi ya rasilimali watu inaona bado yupo, kwa hiyo haifungi kitu. Ndiyo maana haki za usimamizi zinafaa kutolewa na tarehe ya mwisho tangu mwanzo, zikome zenyewe, na anayezihitaji tena aziombe. Kila muhula mkuu wa idara apewe orodha fupi ya watu wake wenye haki hizo atie saini jina kwa jina. Akiletewa orodha ya mifumo arobaini atasaini bila kusoma.

Profesa anayedai root kwenye seva ya utafiti wake mara nyingi ana hoja: anahitaji kusimika programu usiku, na foleni ya TEHAMA ni ya wiki mbili. Kumkatalia kunamfanya anunue kompyuta yake na kuificha chini ya meza. Mpe sudo kwenye seva hiyo, kwa jina lake, mtandao wake ukiwa umetengwa na mifumo ya alama na fedha. Aiharibu akitaka, uharibifu utaishia hapo.

Siku kasha lisipofunguka

Inabaki hali ya dharura. Mfumo wa utambulisho umeanguka, kasha halifunguki, msimamizi mkuu yuko ndani ya ndege. Chuo kinahitaji akaunti mbili hivi za dharura zisizotegemea mfumo huo, nywila zake zikiwa kwenye karatasi ndani ya bahasha zilizopigwa lakiri, kwenye sefu za majengo tofauti. Kwa wasiotaka mtu mmoja aweze kuifungua, mwaka 1979 mtaalamu wa usimbaji Adi Shamir alionyesha jinsi ya kugawa siri vipande, tuseme vitano, ambapo vitatu vyovyote vinaijenga upya na viwili havifichui chochote. Baadhi ya makasha ya nywila hutumia hesabu hiyo. Akaunti ya dharura ikiguswa, ujumbe uende papo hapo kwa watu zaidi ya mmoja.

Nakala rudufu za kasha, na za mfumo wa utambulisho, ziwe na toleo moja lililokatwa kabisa na mtandao, lenye nywila isiyohifadhiwa ndani ya kasha hilohilo. Kisha utaratibu ujaribiwe angalau mara moja kwa mwaka, na asiyeuandika: mpe fundi mgeni maelekezo yaliyochapishwa na bahasha, mkae pembeni, mwone anakwama wapi. Akimaliza, nywila zibadilishwe, bahasha mpya zifungwe, na pale alipokwama paandikwe upya kabla watu hawajatawanyika.